Mashine ya Boti ya Msikiti: Tupime Tezi Kabla ya Kuhesabu Farasi

Na Katibu wa Kamati ya Msikiti, Delta ya Rufiji

Katika vijiji vya delta ya Rufiji boti si chombo cha anasa. Ndiyo barabara yetu. Mchele, saruji ya msikiti, misahafu ya madrasa, mgonjwa na hata jeneza, vyote hupita majini kati ya mikoko kabla ya kufika Nyamisati na kushika barabara ya kwenda Kibiti. Kwa hiyo kamati inapokusanya sadaka za waumini ili kununua mashine ya boti, hainunui chuma tu. Inanunua njia ya watu kufika wanakokwenda, na ikikosea, wanaolipa gharama ya kosa hilo ni watu walewale waliotoa sadaka.

Mwaka huu kamati yetu ilijaaliwa kupata fedha za kutosha mashine moja mpya. Vijana walitaka ya nguvu za farasi 40. Wazee walitaka ya 15. Kikao cha kwanza, kilichoanza baada ya Isha, kilimalizika bila uamuzi. Mwenyekiti akaniagiza nifanye uchunguzi na nilete maelezo yanayoeleweka kwa kila mtu. Makala haya ni maelezo hayo, na nayaandika kwa kuwa naamini misikiti mingi ya mwambao na visiwa ina mjadala kama wetu. Lakini kabla ya kueleza tulichokichagua, sina budi kukiri kosa langu.

Kosa la kutopima

Mashine yetu ya kwanza tuliipata kwa hisani ya mfadhili. Ilikuwa imetumika, lakini yenye afya, ya nguvu za farasi 40. Mimi ndiye niliyeipokea. Niliandika barua ya shukrani, nikasimama kwenye picha, nikaiingiza katika daftari la mali za msikiti. Jambo moja sikulifanya: sikuchukua futi nikapima tezi ya boti yetu.

Boti yenyewe ni ya mbao, urefu wake majini ni kama mita 8, na tezi yake ni fupi. Mashine ilikuwa ya mguu mrefu. Ilipofungwa, rafadha ikaning'inia chini sana kuliko mkuku, na uzito wa mashine, zaidi ya kilo 70, ukaididimiza tezi zaidi. Kwenye mkondo wenye kina hatukuona kasoro. Tulifurahia kelele na mawimbi nyuma yetu.

Kisha ukaja usiku mmoja wa bamvua. Tulikuwa tumembeba mama aliyeshikwa na uchungu, pamoja na mama yake mzazi na mkunga. Ilikuwa yapata saa mbili usiku na maji yalikuwa yakikupwa kwa kasi. Tulipofika penye fungu ambalo boti nyingine hulipita bila wasiwasi, rafadha yetu ikachimba tope. Nahodha alipoongeza moto ili tujinasue, mashine ikafyonza matope katika njia ya maji ya kupoozea, ikapata joto, ikazima. Tukashika pondo. Maji yakatuacha. Tulikaa juu ya tope, gizani, mpaka maji yaliporudi baada ya saa sita usiku.

Mama alisalimika. Mtoto hakusalimika.

Uhai na mauti vi mikononi mwa Mwenyezi Mungu, na familia ile ilitusamehe kabla hatujawaomba msamaha. Lakini futi ilikuwa mikononi mwangu. Tangu siku hiyo naelewa vizuri zaidi kuliko nilivyoelewa chuoni kwamba kutawakali huja baada ya kumfunga ngamia.

Mguu wa mashine na tezi ya boti

Basi kipimo cha kwanza si nguvu. Ni urefu wa mguu wa mashine, ambao mafundi huuita shafti. Mashine za kupachika nyuma hutengenezwa kwa urefu maalumu: mguu mfupi huwa wa sentimita 38 hivi, na mrefu sentimita 51 hivi. Upo pia mrefu zaidi, kwa vyombo vyenye tezi ya juu sana.

Namna ya kupima ni rahisi. Weka futi juu ya ubao wa tezi, pale mashine itakapokaa, upime wima hadi usawa wa chini ya chombo. Ukipata sentimita 38 au karibu yake, mguu mfupi unakufaa. Ukipata 50 na zaidi kidogo, chukua mrefu. Mashine ikishafungwa, tazama bapa la chuma lililo juu kidogo ya rafadha. Bapa hilo liwe sawasawa na chini ya boti, au lishuke sentimita mbili au tatu tu. Likiwa juu mno, rafadha hunyonya hewa, mashine hulia kwa nguvu na boti haiendi. Likiwa chini mno, utalima matope kama tulivyolima sisi.

Katika delta jambo hili lina uzito wa pekee. Maji ya bamvua hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na njia iliyokuwa mkondo mpana asubuhi huwa uwanja wa tope kabla ya adhuhuri. Kila masika mto hushusha mchanga mpya, na fungu la mwaka jana si lazima liwe palepale mwaka huu. Sentimita 13 zinazotofautisha mguu mfupi na mrefu ndizo zinazoweza kuamua kama utapita au utalala.

Manowari iliyojificha Rufiji

Katika kikao cha pili mzee mmoja, nahodha wa zamani, aliniambia, "Ustadhi, waambie vijana habari za manowari ya Mjerumani." Nikaenda kuzisoma vizuri.

Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg iliizamisha meli ya Waingereza, Pegasus, katika bandari ya Zanzibar. Baada ya shambulio hilo mitambo yake ikaharibika, nayo ikaingia kujificha katika mikondo ya delta ya Rufiji. Vifaa vilivyohitaji matengenezo vilisafirishwa kwa nchi kavu hadi karakana ya Dar es Salaam, vikivutwa kwa nguvu za watu, kisha vikarudishwa kwa njia hiyo hiyo. Meli za Waingereza zilizokuwa baharini zilikuwa na nguvu nyingi, lakini kina cha mikondo hakikuziruhusu kuifuata. Mwishowe Waingereza wakaleta meli mbili fupi za kina, Severn na Mersey, zilizokuwa zimejengwa kwa ajili ya mito ya Brazili. Hizo zilizama majini kwa kiasi kisichofika mita 2. Ndizo zilizoingia deltani, na tarehe 11 Julai 1915 Königsberg ikaangamia.

Mzee alichotaka vijana wasikie ni mambo mawili. La kwanza, katika maji ya Rufiji anayefika ni yule ambaye chombo chake kinalingana na kina, hata kama mwenzake ana nguvu zaidi. La pili, mtambo ambao kifaa chake hupatikana Dar es Salaam peke yake unaweza kukuacha mikokoni kwa muda mrefu, hata kama wewe ni dola kubwa.

Farasi wangapi?

Sasa tuje kwenye nguvu, ambako ndiko vijana walikokuwa wakali zaidi. Hoja yao ilikuwa nyepesi kusikika: mashine ya 40 itatufikisha upesi zaidi ya mara mbili kuliko ya 15. Haiko hivyo.

Boti nzito ya mbao hukata maji. Haiteleze juu yake kama boti nyepesi ya faiba. Chombo cha namna hiyo kina mwendo wake wa kimaumbile, unaotokana na urefu wake ndani ya maji. Kwa mita 8, mwendo huo ni kama kilomita 13 kwa saa. Ukitaka kuuvuka, chombo huanza kupanda wimbi lake chenyewe kama mtu anayepanda mlima ambao haumaliziki. Nguvu unayoongeza yote huishia kwenye wimbi hilo, na petroli huishia kwenye nguvu.

Tufanye hesabu. Mashine ya petroli ya mipigo miwili, ikifunguliwa yote, hula takriban nusu lita kwa saa kwa kila nguvu ya farasi. Chukua safari ya kilomita 20. Tuseme mashine ya 15 inaisukuma boti yetu iliyobeba watu kwa kilomita 11 kwa saa. Tutafika kwa saa moja na dakika 50 hivi, na tutakuwa tumetumia lita 13 au 14. Tuseme ya 40 inailazimisha kwenda kilomita 15 kwa saa. Tutafika kwa saa moja na dakika 20, na tutakuwa tumetumia lita 26 au 27. Tumeokoa nusu saa kwa kuunguza petroli mara mbili. Nahodha anayejua kuondoka na maji yanayokwenda anakokwenda yeye huiokoa nusu saa hiyo bila kununua hata lita moja.

Hapo ndipo Mama Mweka Hazina wetu, aliyekuwa kimya kwa vikao viwili, aliuliza: "Mashine tumepewa fedha zake. Petroli ya mwezi wa tatu itatoka wapi?" Hakuna kijana aliyejibu.

Hata hivyo nisieleweke vibaya. Si kila mahali nguvu ndogo ndiyo salama. Anayevuka kutoka Nyamisati hadi Kilindoni, Mafia, wakati wa kusi, anahitaji akiba ya nguvu ya kumtoa katika wimbi. Boti ya faiba iliyo nyepesi hufaidika na mashine kubwa, kwa sababu yenyewe huteleza. Ila kila boti ina kikomo cha nguvu ambacho tezi yake inaweza kustahimili, na mjenzi wake aulizwe. Pia mashine kubwa haiongezi idadi ya abiria. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara kikiwa kimejaza kupita kiasi, na zaidi ya watu 200 wakafariki. Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Chombo chenye ngama iliyojaa hakiokolewi na farasi.

Mipigo miwili au minne?

Suala lililotusumbua kwa uaminifu kabisa ni hili. Mashine za petroli ni za aina mbili. Ya mipigo miwili huchanganyiwa oili katika petroli, kama pikipiki za zamani. Ya mipigo minne huwa na oili yake mbali, kama bodaboda za leo.

Ya mipigo minne hula mafuta kidogo zaidi, kwa kadiri ya theluthi moja pungufu. Haina moshi mwingi wala kelele. Na kwa haki ya maji yetu ni bora, kwani ile ya mipigo miwili yenye kabureta inaweza kutupa majini robo nzima ya mafuta yake bila kuyaunguza. Delta hii ndiyo malezi ya kamba wanaolisha familia nyingi za Kibiti na Rufiji. Mafuta juu ya maji ni mafuta juu ya sahani zetu.

Lakini ya mipigo minne ni ghali zaidi siku ya kununua, ni nzito zaidi kwa nguvu ileile, haipendi kulazwa ovyo, inataka kubadilishwa oili takriban kila saa 100 za kazi, na fundi wake hutakiwa awe amesomea. Ya mipigo miwili ina vipande vichache. Katika kijiji chetu wapo vijana watatu wanaoweza kuifungua kwa mwanga wa tochi na kuifunga tena.

Nahodha mzee aliuliza swali moja tu: "Ikizima saa nane usiku kwenye mikoko, nani ataifungua?" Kwa swali hilo tukaamua: nguvu za farasi 15, mipigo miwili, mguu mfupi, ya chapa ambayo vipuri vyake vinajulikana. Huku kwetu hiyo ni Yamaha. Uzito wake ni kilo 40 hivi, na watu wawili wanaibeba hadi nyumbani.

Sidai kwamba tumechagua kilicho safi kuliko vyote. Tumechagua kinachoweza kutengenezwa na mikono iliyopo. Nimeandika katika kumbukumbu za kikao kwamba tupeleke kijana mmoja akasomee mashine za mipigo minne, ili kamati itakayokuja iwe na uhuru wa kuchagua ambao sisi hatukuwa nao.

Wako waliopendekeza mashine ya mafuta ya taa, ambayo huwashwa kwa petroli kisha huhamishiwa mafuta ya taa. Zamani ilikuwa na maana kwa sababu ya bei. Lakini tangu Serikali ilipopandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011 ili kukomesha uchakachuaji, unafuu ule uliyeyuka, na mashine yenyewe huchafua plagi upesi, hasa nahodha akisahau kurudi kwenye petroli kabla ya kuzima.

Kabla ya kulipa

Anayenunua mashine iliyotumika afanye haya mbele ya muuzaji. Kwanza, afungue skrubu ya chini ya gia na kutazama oili inayotoka. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia ndani. Pili, atoe plagi zote na kupima mgandamizo wa kila silinda. Zikitofautiana sana, aiache. Tatu, aiwashe ikiwa ndani ya pipa la maji na kuhakikisha inatema maji ubavuni mfululizo. Nne, namba iliyo kwenye kibati cha mashine ilingane na karatasi. Mashine ya wizi haiwi halali kwa kufungwa kwenye boti ya msikiti.

Na kwa mpya au ya zamani, ulizia ukaguzi na leseni ya chombo kwa Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), linalosimamia usalama wa vyombo vya majini. Sheria hizi haziko kwa ajili ya kutusumbua.

Amana baada ya ununuzi

Mashine hufa kwa uzembe mara nyingi zaidi kuliko kwa uzee. Haya ndiyo tuliyoyabandika ukutani pale mashine inapohifadhiwa.

Mchanganyiko wa oili ni ule ulioandikwa katika kitabu cha mashine. Yetu ni sehemu 50 za petroli kwa moja ya oili, maana yake nusu lita ya oili kwa lita 25. Kupunguza oili huua mashine. Kuizidisha huchafua plagi na maji. Petroli ichujwe kabla ya kumiminwa. Theluthi moja ya mafuta ni ya kwenda, theluthi ya kurudi, na theluthi haiguswi.

Kila irudipo kwenye maji ya chumvi, isafishwe ndani kwa maji baridi kwa dakika 10, kisha mrija wa mafuta uchomolewe ili kabureta iunguze kilichobaki. Mpira wenye mabawa ulio ndani ya pampu ya maji ubadilishwe kila mwaka, kwa kuwa mchanga wa Rufiji huusaga haraka. Kipande cha zinki kilicho chini ya mashine kisipakwe rangi. Kazi yake ni kuliwa na chumvi ili mashine isiliwe.

Ndani ya boti kuwe daima na plagi za akiba, kamba ya kuwashia, rafadha ya pili, spana, tochi, jaketi okozi kwa kila abiria, pondo, makafi na tanga. Mashine haikuja kuyafuta mambo ya wazee wetu. Na kamba ya kuzimia ifungwe mkononi mwa nahodha. Akianguka majini, mashine izime, isimzungukie na kumkata.

Mwisho, tumeanzisha daftari. Kila safari huandikwa saa ilizotembea, lita zilizotumika na nauli iliyopatikana, na sehemu ya nauli hutengwa kwa matengenezo. Daftari husomwa mbele ya waumini kila mwezi. Mali hii ni ya watu na ya Mola wao, na mwenye amana hulala vizuri akiwa na hesabu.

Siku tulipoifunga mashine mpya, nilipiga magoti kwenye tope na kupima mwenyewe. Sentimita 38 na nusu. Baba wa yule mtoto ndiye aliyenishikia ncha ya pili ya futi. Hakusema kitu, nami sikusema. Kisha tukaisukuma boti majini.